Maji ya moto yanapotea kwenye miksa ya shawa: tafuta yanakopotelea kabla hujanunua hita

Julai ya Dodoma ni baridi ya kweli. Alfajiri upepo unapita chini ya mlango, na maji ya simtanki yanakuwa kama yametoka kwenye friji. Asubuhi moja ya namna hiyo mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutusalimia, alitoka bafuni kajifunga khanga, sabuni bado iko shingoni, anatetemeka. "Mwanangu," akaniambia, "yalianza vizuri kabisa. Nimejipaka sabuni, kugeuka tu, yamekuwa barafu."

Maji hayakukatika. Yalikuwa tele, tena kwa kasi. Kilichoondoka ni joto.

Fundi wa kwanza alibadilisha koili ya hita. Baada ya siku tatu tukarudi palepale. Wa pili akabadilisha thamostati, kile kidude kinachokata umeme maji yakishapata moto, akaifungua na kuifunga hita mara mbili, mwishowe akasema, "Dada, hii hita imechoka. Nunueni nyingine." Tulishaanza kuulizia bei. Kumbe hita ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, na tatizo lilikuwa kwenye miksa ya bafu la watoto, bafu ambalo hakuna fundi aliyeingia hata kulichungulia. Nimeandika mwongozo huu ili mwenzangu asilipie koili, thamostati na hita mpya kwa kosa la kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani.

Ninaizungumzia miksa ya mkono mmoja: ile yenye kishikio kimoja, unainua maji yatoke, unapeleka kushoto yawe ya moto, kulia yawe ya baridi. Kama unatumia shawa ya umeme inayochemsha maji kichwani kwake, mambo yake ni mengine na haya hayakuhusu.

Kinachotokea ndani ya miksa

Nyuma ya ule mkono kuna katriji, kitu cha mviringo cha plastiki chenye visahani viwili vya kauri ndani yake. Kisahani cha chini kimetulia na kina matundu: moja la maji ya moto, moja la baridi, na moja la kutokea. Cha juu kinateleza juu yake unaposogeza mkono, kikifungua tundu hili na kuziba lile. Maji ya moto na ya baridi yanakutana humo humo, kwenye nafasi ndogo sana.

Hapo ndipo pa kupaelewa vizuri. Mikondo miwili ikikutana mahali padogo, wenye nguvu humsukuma mnyonge. Baridi ikija na presha kubwa na ya moto ikija kwa kujikokota, baridi haiishii kuchanganyika tu, inaizuia ya moto isitoke, na nafasi ikipatikana inarudi nyuma kwenye bomba la moto lenyewe. Wewe unasogeza mkono kushoto na kushoto tena, na bado unaoga vuguvugu.

Kwa nyumba zetu hali hii ni ya kawaida mno. Bomba la baridi limeungwa moja kwa moja na maji ya mjini au na pampu, wakati hita inalishwa na tangi lililo juu ya paa au mnara. Tangi lililo mita 10 juu ya shawa linatoa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Lililo mita 3 juu linatoa bar 0.3 tu. Weka hiyo 0.3 ikabiliane na maji ya mjini yenye bar 2 au 3 usiku yanapokuwa na nguvu, utajua mapema nani atashinda.

Kabla ya kufungua chochote, pima

Vipimo hivi vinne vinahitaji ndoo ya lita 10, saa ya simu na mkono wako. Usiviruke. Fundi anayeanza na spana kabla ya kupima anabahatisha, na anayelipia kubahatisha huko ni wewe.

Kwanza, fungua maji ya moto kwenye sinki la kunawia au la jikoni, mahali popote panapotumia hita hiyo hiyo. Yakitoka moto na yakaendelea kuwa moto kwa dakika tano, hita ni nzima. Shida iko kwenye miksa ya shawa au bomba linaloielekea. Yakipoa na huko pia, usiihukumu hita bado. Kipimo cha tatu ndicho kitakachoamua.

Pili, jaza ndoo kwa maji ya shawa, mkono ukiwa kushoto kabisa, na hesabu sekunde. Mwaga, jaza tena mkono ukiwa kulia kabisa. Namba hizo mbili ziandike. Zikikaribiana, presha iko sawa. Baridi ikijaza ndoo kwa dakika moja na ya moto ikachukua tatu au nne, una mambo mawili ya kuchagua: ama njia ya moto imeziba mahali, ama vyanzo viwili vina presha tofauti.

Tatu, kipimo ambacho kingeniokoa fedha zangu. Zima hita kwenye swichi yake. Funga koki ya maji ya baridi yanayoingia kwenye hita, halafu fungua bomba la moto la sinki, upande wa moto peke yake. Yatatoka kidogo, yale yaliyobaki kwenye bomba, kisha yanapaswa kukatika ndani ya dakika moja hivi, kwa sababu hita haipokei tena kitu cha kusukuma. Yakiendelea kutoka bila kukoma, na yakawa baridi, basi kuna mahali ndani ya nyumba maji ya baridi yanavukia upande wa moto. Hita inaonewa bure.

Kumtafuta mhalifu: ukiwa bado umeacha lile bomba likitiririka, pita nyumba nzima ukifunga koki ndogo za kila miksa, moja baada ya nyingine, chini ya masinki na popote zilipo. Ile ambayo ukiifunga mtiririko unakatika, ndiyo inayovusha. Mabomba pia yatakusemesha. Kwetu, bomba la moto chini ya sinki la bafu la watoto lilikuwa baridi kuliko ukuta, lina jasho juu yake kama chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Bomba la maji ya moto halitoi jasho. Nilipoligusa hapo nikasimama kimya nikijua nimelipata.

Sababu yake ilikuwa ndogo hata inauma. Watoto wana shawa ya mkononi yenye kitufe cha kuzimia kwenye kichwa chake. Wakimaliza kuoga wanabonyeza kitufe, shawa inakata, wanaondoka. Mkono wa miksa wameuacha wazi, katikati. Kwa hiyo maji hayana pa kutokea, lakini njia kati ya baridi na moto iko wazi mchana kutwa, na baridi yenye presha inapita humo kwenda kumpoza bibi yao kwenye bafu la pili. Bomba la kujisafishia chooni, lile la kubana kwa kidole, likiwa limeungwa kwenye miksa linafanya hivyo hivyo. Kama nyumba yako ina kitu chochote kinachozimwa mwishoni mwa mpira badala ya kwenye miksa, anzia hapo. Funga mikono ya miksa zote, subiri nusu saa, kisha oga. Huenda matengenezo yote yakaishia hapo bila kushika spana.

Nne, angalia tatizo linatokea lini. Likija mtu akivuta maji ya choo au akifungua bomba la jikoni, ni presha. Likija baada ya dakika nane au kumi kila siku bila kukosa, pengine maji ya moto yameisha tu, na hesabu yake nimeiweka mbele. Likija hata kabla hujaanza, yaani hayawi moto hata kidogo zaidi ya vuguvugu, shuku katriji au ile pete yenye meno nitakayoieleza.

Kubadilisha katriji

Kama vipimo vimekupeleka kwenye miksa ya shawa yenyewe, au miksa inayovusha bado inavusha hata mkono wake ukiwa umefungwa kabisa, katriji ndiyo ya kufungua. Visahani vya kauri vimekwaruzwa na mchanga au mipira yake ya chini imekauka na kulika. Kwa maji ya kwetu ni jambo la kutarajia: sehemu kubwa ya maji ya mji inatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na kila aliyewahi kuchemshia maji ya chai Dodoma anaujua ukoko mweupe unaobaki kwenye birika. Ukoko huohuo unajijenga ndani ya miksa, na upande wa moto hujijenga haraka zaidi, kwa sababu maji yakipashwa joto ndipo chokaa inapojitenga.

Andaa bisibisi nyembamba, spana ya L ya 2.5 mm na ya 3 mm (nyingi hutumia mojawapo), spana malaya, kitambaa, siki, mswaki wa zamani na tochi ya simu.

1. Zima hita kwenye swichi yake na kwenye breka. Hita isiyo na maji ya kutosha ikiwashwa, koili inaungua kwa dakika chache, na bafuni umeme na maji haviendi pamoja. Acha maji yapoe kama yalikuwa yakichemka.

2. Funga maji. Koki inayoingiza baridi kwenye hita, na geti valvu ya tangi au ya mjini inayolisha bafu hilo. Fungua mkono wa miksa ukiwa katikati mpaka isitoke hata tone. Geti valvu za zamani mara nyingi hazifungi sawasawa. Kama bado yanachuruzika, usiendelee kwa matumaini, tafuta koki iliyo nyuma yake.

3. Ziba tundu la kutolea maji sakafuni kwa kitambaa. Skrubu ya mkono wa miksa ni ndogo kama punje ya mtama, na ikizama humo huioni tena.

4. Kwenye mkono utaona kitufe kidogo cha plastiki chenye rangi nyekundu na buluu. Kinyanyue kwa ncha ya kisu taratibu. Ndani yake kuna skrubu ya kufungua kwa spana ya L. Huna haja ya kuitoa yote, ilegeze mpaka mkono uvutike. Mkono ukigoma kutoka, ukoko umeushika: loweka kitambaa kwa siki, uufunge nao kwa nusu saa, kisha uutikise huku na huku. Usiupige nyundo. Shina la katriji ni la plastiki na likivunjikia ndani kazi inakuwa mara mbili.

5. Utabaki na kofia ya kuba inayong'aa. Nyingi zinafunguka kwa mkono. Ikibidi kutumia spana, ifunge kwanza kitambaa ili kromu isichubuke.

6. Chini ya kofia kuna nati kubwa inayoibana katriji. Ifungue kwa spana malaya, uikaze spana ikae sawasawa kwenye kingo zake. Nati hii ni ya shaba na pembe zake zinachubuka upesi.

7. Kabla ya kuvuta katriji, piga picha. Kisha ivute ikiwa imenyooka. Igeuze uitazame chini: utaona matundu matatu yenye mipira, na viguu viwili vidogo vinavyoingia kwenye vitundu vya mwili wa miksa. Viguu hivyo ndivyo vinavyoizuia isikae kinyume.

Sasa usikimbilie kuitupa. Kama mipira haijapasuka na visahani havijakwaruzwa, inaweza kuwa imeziba tu. Iloweke kwenye siki saa mbili hadi tatu, usugue matundu kwa mswaki, uisuuze. Niliwahi kutoa kwenye tundu la moto kipande cha ukoko cha ukubwa wa punje ya mchele, na miksa ile ikaendelea kufanya kazi kama mpya. Lakini ukiona mstari wa mkwaruzo kwenye kauri, au mpira uliobonyea upande mmoja, nunua nyingine.

Asidi ya betri na zile dawa kali za kusafishia masinki ya choo usizisogeze hapa. Najua wapo mafundi wanaozitumia. Zinaondoa ukoko kweli, na zinaondoa kromu na kula shaba pamoja nao.

Dukani, nenda na katriji yenyewe. Usiende na jina la miksa wala picha peke yake. Zinazouzwa zaidi ni za kipenyo cha 35 mm na 40 mm, na hizi mbili kwa macho zinafanana mpaka uziweke pamoja. Linganisha kipenyo, kisha urefu wa shina, unene wa shina, na mahali viguu vilipo. Kimoja kikitofautiana, hiyo siyo yako hata muuzaji akikuapia. Chukua yenye uzito kidogo na mipira laini. Ile nyepesi kama kifuniko cha chupa utairudia mwakani.

8. Kabla ya kuweka mpya, mulika tochi ndani ya mwili wa miksa. Sugua kitako chake kwa mswaki wenye siki mpaka kiwe laini chini ya kidole. Mpira mpya ukikalia punje ya mchanga utavuja siku hiyo hiyo.

9. Mipira ipake grisi ya silikoni kidogo sana kama unayo. Mafuta ya mgando ya kujipaka na grisi ya gari waachie wenyewe, vinavimbisha mpira.

10. Ingiza katriji viguu vikiwa vimeingia vitunduni mwake. Ikikaa vizuri haichezi. Kaza nati mpaka ishike, ongeza robo mzunguko, basi. Ukiikaza kwa nguvu zote mkono utakuwa mgumu kusogea.

11. Fungua maji taratibu kabla ya kurudisha kofia na mkono. Shika shina kwa kidole, lisogeze kushoto na kulia, angalia kama kuna tone pembeni ya nati. Kukiwa kukavu, rudisha kila kitu. Hita iwashe mwisho, baada ya kuhakikisha maji yanatoka kwa wingi upande wa moto, maana ndiyo dalili kwamba hita imejaa.

Upande wa moto unapotoka kidogo tu

Hapa katriji mara nyingi inasingiziwa. Miksa ya ukutani imeungwa na bomba mbili zenye umbali wa 150 mm kati yake, kila moja ikiwa na nati kubwa na washa, yaani pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, ndani yake. Miksa nyingi zina kichujio cha waya hapo. Funga maji, fungua nati ya kushoto, uchungulie. Utakuta mchanga, utepe mweupe wa kufungia nyuzi za bomba uliokatika vipande, na unga wa plastiki uliobaki tangu siku ya ujenzi. Vioshe, na ukiweza badilisha washa zote mbili kwa pamoja.

Miksa ikiwa imetoka, weka ndoo chini ya bomba la moto, na mtu akufungulie koki kidogo. Yakitoka kwa nguvu, njia ni safi na tatizo liko ndani ya miksa. Yakitoka kwa kusuasua, rudi nyuma kuelekea hita. Kitu cha kwanza njiani ni valvu ya usalama, kile kishaba kwenye bomba la baridi linaloingia kwenye hita, chenye kijimkono na kitundu cha kutonea. Ndani yake mna valvu ya njia moja inayoziba kwa ukoko, na ikiziba hita haipati maji ya kusukumia yale ya moto. Hubadilishwa, wala si ghali. Usikubali kabisa fundi aitoe na kuunga bomba moja kwa moja kwa sababu "inazuia presha". Maji yakipashwa joto yanatanuka, na hiyo ndiyo mahali pake pa kupumulia. Hita iliyofungwa pande zote bila valvu hiyo inaweza kupasuka.

Kuna sababu nyingine ambayo haitengenezeki bila kubomoa. Bomba za PPR, zile za kijani au nyeupe zinazochomelewa kwa pasi, zikipashwa joto kupita kiasi plastiki inajikunja kwa ndani na kuziba nusu ya tundu. Kama maji ya moto yamekuwa dhaifu tangu siku ya kwanza nyumba ilipokamilika, na kila kitu kingine kimesafishwa, ni mojawapo ya maungio hayo. Anza na yale yaliyo nje ya ukuta karibu na hita.

Presha zikiwa tofauti

Kama ndoo ilikuonyesha tofauti kubwa na njia ya moto ni safi, dawa ya kweli ni moja: baridi na moto za bafu zitoke kwenye tangi moja. Bomba la baridi la shawa liondolewe kwenye maji ya mjini liungwe na simtanki ileile inayolisha hita. Ukiwa na pampu, pampu ilishe pande zote mbili, hita na baridi. Wengi wanaweka pampu kwenye baridi peke yake wakidhani wameboresha bafu, na hapo ndipo maji ya moto yanapopotea kabisa.

Wakati unajipanga kwa kazi hiyo, punguza baridi. Koki inayolisha upande wa baridi ifunge robo, jaribu kuoga, funga tena kidogo, mpaka mkono wa miksa ukiwa katikati upate joto unalolitaka. Utapoteza kasi ya maji, lakini mtu ataoga mpaka mwisho. Sisi tulikaa hivyo miezi miwili. Baadaye fundi alituwekea pia valvu za njia moja kwenye maingilio mawili ya miksa ya watoto, mshale wa kila moja ukielekea kwenye miksa, na tangu hapo hata mtoto akisahau mkono wazi baridi haina njia ya kurudi.

Pengine yameisha tu

Hesabu ni nyepesi. Tuseme hita ni ya lita 50, maji yake yamefika nyuzi 60, na ya tangi ni nyuzi 20. Ili uoge kwa nyuzi 40 unachanganya nusu kwa nusu. Shawa inayotoa lita 8 kwa dakika inakula lita 4 za moto kila dakika, kwa hiyo una dakika 12 hivi, na kwa kweli ni pungufu, kwa kuwa baridi inayoingia inaipoza iliyobaki. Hita ya lita 30 haifikishi dakika 8. Kuzipasha upya zile lita 50 kwa koili ya wati 1,500 kunachukua karibu saa moja na nusu. Watu watatu wakifuatana asubuhi, wa tatu atalalamika, na hakuna kilichoharibika.

Kama dakika zimepungua kuliko zamani, mfano kutoka 12 hadi 5, hapo ndipo ukoko kwenye koili au thamostati inapostahili kuangaliwa na fundi umeme.

Kwa walioko Marekani na Kanada

Ndugu zetu walioko huko wana miksa za namna nyingine. Ndani yake, pamoja na katriji, kuna kisawazisha presha: pistoni ndogo inayoteleza, ili mtu akivuta maji ya choo wewe usiungue. Pistoni hiyo ikikwama kwa ukoko, maji ya moto hupotea ghafla hata kama jikoni yanachemka. Katika miksa za kampuni ya Moen za aina ya Posi-Temp kisawazisha kiko ndani ya katriji yenyewe, namba 1222. Itoe na uitikise. Nyingi zilizo nzima zinasikika zikigonga ndani, na iliyo kimya imekwama. Koki za kufungia maji katika baadhi ya miksa ziko nyuma ya kile kisahani cha ukutani, pande mbili za miksa, zinafungwa kwa bisibisi. Zisipokuwepo, funga maji ya nyumba nzima. Kwenye nyumba ya kupanga mpigie mwenye nyumba kwanza.

Pete yenye meno

Hii hupatikana kwenye miksa nyingi, huko na huku. Ukitoa mkono na kofia, kwenye katriji utaona pete ya plastiki, mara nyingi nyekundu, yenye meno na alama za kujumlisha na kutoa. Inazuia mkono usifike mwisho wa moto. Ikiwa imewekwa upande wa kutoa, maji hayatazidi vuguvugu hata hita ikichemka. Inyanyue, isogeze jino moja au mawili kuelekea kujumlisha, irudishe, pima.

Sogeza jino kwa jino, ukipima kila mara kwa kiwiko cha mkono, na hita ikiwa imeshazima taa yake, yaani maji yameshapata moto. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ngozi ya mtoto au mzee kabla ya hapo. Kwenye bafu la watoto wetu pete nimeiacha pale ambapo mkono ukipelekwa kushoto kabisa maji ni ya moto lakini naweza kuacha kiganja changu chini yake bila kukiondoa. Kwenye bafu la wageni nimeiongeza meno mawili, kwa ajili ya mama mkwe, ambaye alirudi Julai iliyofuata.